Njia za Kusoma Herufi za DNA: Ipi Iliyo Bora?

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kufundishwa darasani kwamba kila chenye uhai, awe mtu, ng'ombe, mgomba, au hata kijidudu kisichoonekana kwa macho, kina maandishi ndani yake yaitwayo DNA. Maandishi hayo yana herufi nne tu: A, C, G na T. Majina yake kamili ni adenini, sitosini, guanini na thimini, na kwa pamoja huitwa besi. Mwanadamu ana herufi kama 3,000,000,000 katika seti moja ya maandishi yake. Bakteria aitwaye E. coli ana kiasi cha 4,600,000. Na kirusi cha batobato ya muhogo hakifiki hata 6,000.

Mtu aweza kusema, "Herufi moja ikisomwa vibaya katika mamilioni, kuna hasara gani?" Na atazame ugonjwa wa selimundu, ambao umezisumbua jamaa nyingi katika nchi zetu. Mahali palipopasa kuwa na GAG katika jeni moja ya damu, mgonjwa ana GTG. Ni herufi moja tu iliyobadilika, na chembe za damu hugeuka umbo zikawa kama mundu. Kadhalika kijidudu cha kifua kikuu: TCG ikigeuka kuwa TTG mahali fulani, dawa ya rifampisini haimwui tena. Kwa hiyo anayesoma herufi hizi amebeba dhamana kubwa, na yafaa tujue anazisomaje.

Katika somo hili nitaeleza habari za njia moja ya kusoma, ile ya kitundu, au nanopoa, kisha tutalinganisha namna mbalimbali za kuufasiri umeme wa kitundu hicho kuwa herufi.

KITUNDU NA MKONDO WA UMEME

Wazo lenyewe si gumu. Chukua utando mwembamba usiopitisha umeme, uuweke kati ya vyumba viwili vya maji ya chumvi. Toboa kitundu kimoja tu, chenye upana wa karibu nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Kitundu hicho hakitobolewi kwa sindano. Ni protini yenye shimo katikati, iliyopandikizwa katika utando. Ukitia umeme, chembe za chumvi hupita katika shimo, na mkondo mdogo sana hupimika. Sasa uzi wa DNA ukivutwa kupita humo, huziba njia kwa sehemu, na mkondo hupungua. Kila herufi ina umbo lake, kwa hiyo kila moja huziba kwa kiasi chake. Ukiutazama mkondo ukipanda na kushuka, waweza kujua ni herufi gani zinapita.

Bwana David Deamer wa Marekani alilichora wazo hili katika daftari lake mwaka 1989. Mwaka 1996 yeye na wenzake Kasianowicz, Brandin na Branton walionyesha kwamba nyuzi za namna hiyo hupita kweli katika kitundu cha protini. Mwaka 2005 kampuni ya Oxford Nanopore Technologies ilianzishwa nchini Uingereza, na mwaka 2014 watafiti wa kwanza walipewa mashine yake ndogo iitwayo MinION, ambayo yaweza kutiwa mfukoni na kuunganishwa na kompyuta ya kawaida.

KWA NINI KUSOMA NI KUGUMU

Tuanze na mfano rahisi wa kubuni. Tuseme A hutoa namba 80, C hutoa 95, G hutoa 110, na T hutoa 65. Mashine imeandika hivi:

81, 79, 80, 95, 96, 94, 95, 94, 96, 66, 64

Mwanafunzi yeyote aona kwamba ya kwanza ni A na ya mwisho ni T. Lakini hapo katikati, je, ni C moja iliyokawia, au ni C mbili zilizofuatana? Kama uzi ungekwenda kwa hatua zilizo sawa, tungehesabu tu. Lakini hauendi hivyo. Uzi huvutwa na kimeng'enya kinachokwenda kama mtu apandaye mlima: mara upesi, mara polepole. Katika mashine za karibuni herufi kama 400 hupita kila sekunde, na mkondo hupimwa mara 5,000 kila sekunde. Basi kwa wastani kila herufi hupata vipimo 12 au 13; lakini wastani si ahadi.

Tena kuna ugumu wa pili. Kitundu hakiguswi na herufi moja peke yake. Herufi tano au sita hukaa katika sehemu nyembamba kwa wakati mmoja, na mkondo ni matokeo ya zote pamoja. Kwa herufi tano, michanganyiko iwezekanayo ni 4 × 4 × 4 × 4 × 4, yaani 1,024. Kwa herufi sita ni 4,096. Michanganyiko mingi hutoa mikondo iliyo karibu sana, na umeme wenyewe hutetemeka daima. Na yakifuatana maneno ya herufi moja, kama AAAAAAAA, kitundu huona AAAAA mara nne mfululizo bila badiliko lolote. Hapo hapana mpaka wa kuhesabia.

Kwa hiyo mashine haitoi herufi. Hutoa mstari wa mawimbi tu. Kuyageuza mawimbi kuwa herufi ni kazi ya programu ya kompyuta, na programu hizi zimetofautiana sana. Tuzitazame kwa zamu.

NJIA YA KWANZA: KUKATA HATUA, KISHA KUFUATA KANUNI

Hii ndiyo iliyotumika mwaka 2014 na miaka iliyofuata karibu. Kwanza programu hukata mawimbi vipande vipande, kila mahali mkondo ulipobadilika ghafula, na kutafuta wastani wa kila kipande. Kisha hutazama jedwali lionyeshalo mkondo wa kawaida wa kila mchanganyiko wa herufi. Mwisho hutafuta mfululizo wa herufi unaoelekea zaidi kuwa wa kweli, kwa kutumia modeli ya Markov iliyofichika na kanuni aliyoitoa Andrew Viterbi mwaka 1967.

Nguvu ya njia hii ni kwamba dirisha moja hulibana jingine. Kama sasa kitundu kina ACGTA, basi herufi moja ikisogea, dirisha lifuatalo halina budi kuanza na CGTA. Limebaki swali la herufi moja tu ya mwisho, nayo ina majibu manne. Ni kama kusoma barua iliyomwagikiwa maji: ukiona "k-tabu," hukai kufikiri sana, kwa kuwa wajua lugha haikubali kila herufi mahali pale.

Programu ya kampuni ilifanya kazi hiyo mbali, kwa kupelekewa mawimbi kwa njia ya intaneti. Wataalamu wa Kanada walitengeneza nyingine, Nanocall, iliyoweza kufanya kazi katika kompyuta ya mtu mwenyewe bila intaneti. Faida za njia hii: kila hatua yake yaelezeka, na haihitaji kompyuta kubwa mno. Hasara yake: ikiwa vipande vilikatwa vibaya mwanzoni, kosa hilo huendelea mpaka mwisho. Nguo iliyokatwa vibaya haiponi kwa kushonwa vizuri.

NJIA YA PILI: MTANDAO UNAOJIFUNZA KWA MIFANO

Mwaka 2017 Boža, Brejová na Vinař wa Bratislava, nchini Slovakia, walitangaza programu iitwayo DeepNano. Wao waliendelea kukata vipande kama wenzao, ila badala ya jedwali waliweka mtandao wa neva bandia. Mtandao huo haupewi kanuni. Hupewa mifano mingi ya mawimbi pamoja na majibu yake sahihi, ukabahatisha, ukasahihishwa, ukabahatisha tena, mpaka ukazoea. Tena husoma pande mbili, kutoka mwanzo kwenda mwisho na kutoka mwisho kurudi mwanzo, hata kila kipande huamuliwa kwa kuyajua yaliyotangulia na yanayofuata.

Usahihi uliongezeka. Lakini angalieni, kimeingia kitu kipya: programu sasa inategemea imefundishwa kwa mifano gani. Tutarudi kwa jambo hili, maana ndilo lenye hatari kubwa.

NJIA YA TATU: KUSOMA MAWIMBI YENYEWE BILA KUKATA

Njia ya tatu iliacha kabisa kukata vipande. Chiron, iliyotangazwa mwaka 2018 na wataalamu wa Australia, ilikuwa miongoni mwa programu za kwanza kuyameza mawimbi ghafi moja kwa moja na kutoa herufi. Ilitumia ufundi uliotolewa mwaka 2006 na Alex Graves na wenzake, ambao kwanza ulitumika kufasiri sauti ya mtu asemaye.

Ufundi huo ni mzuri kuujua. Kwa kila sehemu ndogo ya wakati, mtandao huandika herufi au kistari. Baadaye herufi zinazofuatana zilizo sawa huunganishwa kuwa moja, kisha vistari hufutwa. Kwa mfano:

AA--C-C--T huwa ACCT
AA--CCC--T huwa ACT

Mnaona? Kistari kilicho kati ya C na C ndicho kisemacho, "Hizi ni mbili, si moja iliyokawia." Mtandao hujifunza mahali pa kukitia kwa kutazama mifano. Hata hivyo, mahali penye herufi nyingi zilizo sawa bado hupatia shida, kwa kuwa mawimbi yenyewe hayana habari ya kutosha. Ndiyo sababu mwaka 2019 kampuni ilileta kitundu cha namna nyingine, chenye sehemu nyembamba mbili badala ya moja, ili herufi nyingi zaidi zihisiwe kwa pamoja. Pengine dawa ya kosa la msomaji ni kumpa maandishi yaliyo wazi zaidi.

Programu za kampuni zilizofuata, kama Guppy, Bonito na Dorado, zote ni za mitandao ya neva. Dorado hutolewa kwa modeli za ukubwa tatu: ya haraka, ya usahihi mkubwa, na ya usahihi mkubwa kabisa. Hiyo ya mwisho yataka kompyuta yenye kadi ya michoro yenye nguvu. Pasipo kadi hiyo, kazi ya saa huwa kazi ya siku nyingi.

NAMNA YA KUZILINGANISHA KWA HAKI

Msiamini kila tangazo lisemalo "programu yetu ni bora." Ulizeni kwanza imepimwaje. Mambo matano yapasa kutazamwa.

La kwanza, programu zote zipewe mawimbi yale yale. Ukiipa moja mawimbi mazuri na nyingine mabaya, umepima mawimbi, hukupima programu.

La pili, jibu sahihi lijulikane kwa njia nyingine, isiyotegemea kitundu.

La tatu, mtihani usiwe ule uliotumika kufundishia. Mwanafunzi aliyeonyeshwa maswali jana atapata alama zote leo, na hatutajua kama ana elimu. Modeli nayo ni vivyo hivyo.

La nne, usahihi wa usomaji mmoja mmoja utengwe na usahihi wa makubaliano. Usahihi hutajwa kwa alama ya Q. Q10 ni kosa 1 katika herufi 10. Q20 ni kosa 1 katika 100. Q30 ni kosa 1 katika 1,000. Chukueni E. coli mwenye herufi 4,600,000: kwa Q20 atakuwa na makosa kama 46,000, na kwa Q30 makosa 4,600. Katika siku za kwanza za MinION, usomaji mmoja aghalabu ulizidi kosa 1 katika 10. Siku hizi, kwa vitundu vipya na modeli kubwa, umefika kiasi cha Q20.

Ndipo husomwa mara nyingi mahali pale pale, tuseme mara 30, na wengi wakishinda, herufi hiyo hukubaliwa. Lakini fikirini: wanafunzi 30 wakinakili somo ubaoni, na kila mmoja akakosea mahali pake, tukilinganisha madaftari tutapata somo kamili. Ila mwalimu akiwa ameandika kosa ubaoni, wote 30 watakosea pamoja, na kura zao hazitatusaidia kitu. Makosa ya bahati huondoka kwa kura. Makosa ya mazoea hayaondoki.

La tano, kasi na gharama: muda, kompyuta, umeme na intaneti.

FUNZO LA MWAKA 2019

Wick, Judd na Holt wa Australia walifanya ulinganisho wa namna hii na kuutangaza mwaka 2019. Walimtumia zaidi bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae, adui anayejulikana sana hospitalini. Waliona kwamba mtandao mkubwa husoma kwa usahihi zaidi kuliko mdogo, lakini hukawia. Na waliona jambo jingine lililo kubwa zaidi: programu ile ile, ikifundishwa upya kwa mifano ya jamii ya bakteria hao, usahihi wa makubaliano uliongezeka sana.

Sababu yake nini? Bakteria wengi hutia alama ndogo ya kikemia juu ya herufi fulani. Mathalani, E. coli huitia alama C ya pili katika CCAGG na CCTGG. Alama hiyo haibadilishi herufi, lakini hubadilisha mkondo wa umeme. Modeli ambayo haikupata kuiona alama hiyo hukosea hapo kila mara, nayo ndiyo ile habari ya kosa la ubaoni. Ukiifundisha, hukoma kukosea. Baadaye wataalamu waligeuza udhaifu huu kuwa faida, na leo programu kama Dorado zaweza kuzitaja alama hizo pamoja na herufi.

Funzo kwetu ni hili. Vijidudu na mimea ya nchi zetu si lazima iwe katika mifano iliyofundishiwa programu za mbali. Basi mtaalamu wetu asichukue modeli na kuiamini kwa sababu ya sifa yake tu. Aipime kwanza kwa kijidudu cha kwao ambacho jibu lake analijua. Na mawimbi ghafi asiyafute upesi, ingawa yanajaza nafasi nyingi. Kwa kuwa programu bora itokeapo, mawimbi ya zamani yaweza kusomwa upya na kutoa herufi zilizo sahihi zaidi, bila kurudi kwa mgonjwa wala shambani.

SHAMBANI NA HOSPITALINI

Mwaka 2015, ugonjwa wa Ebola ulipokuwa Guinea, wataalamu walichukua MinION katika mizigo ya kawaida ya ndege na kusoma virusi vya sampuli 142 huko huko. Lakini kufasiri kulitegemea kupeleka mawimbi mbali kwa intaneti, na intaneti ikiwa dhaifu, kazi nzima hungoja.

Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya wataalamu waliokwenda katika mashamba matatu ya muhogo, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya, wakiwa na mashine za betri. Walikuwa na kisanduku kidogo kiitwacho MinIT kilichofasiri mawimbi pale pale, bila intaneti. Tangu kufika shambani mpaka kupata jibu la kwanza, hazikupita saa 3, na virusi vya batobato vilionekana. Mkulima aliweza kujua adui wake angali na muda wa kutafuta mbegu safi.

Sasa tujibu swali la kichwa cha somo. Njia ipi iliyo bora? Inategemea umeuliza nini. Ukitaka kujua kama jani hili lina kirusi cha batobato au la, usomaji wenye kosa 1 katika 10 watosha, maana herufi mia tisa katika elfu zikifanana, jamii yake haifichiki. Hapo modeli ya haraka, au programu nyepesi kama DeepNano-blitz ya mwaka 2020 iwezayo kwenda na mashine katika kompyuta ya kawaida, ndiyo yenye hekima; usahihi unaokuja baada ya wiki mbili haumwokoi mkulima. Lakini ukitaka kujua kama kijidudu cha kifua kikuu kina TCG au TTG, au mtoto ana GAG au GTG, jibu limo katika herufi moja. Hapo tumia modeli kubwa, soma mara nyingi, na hakikisha kwa njia nyingine, hata ukichelewa. Haraka yako isiwe sababu ya mgonjwa kupewa dawa isiyomfaa.

Nanyi mlio bado darasani, msidhani kwamba kazi hii ni ya watu wa biolojia peke yao. Umeme ni fizikia, alama zilizo juu ya herufi ni kemia, kanuni ya Viterbi ni hisabati. Na wanafunzi wa zamani mlioko katika hospitali, vituo vya kilimo na vyuo, mtakapoletewa mashine, ulizeni pia habari za programu yake na mifano iliyofundishiwa. Maana mashine huleta mawimbi tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Dirisha la kitundu likiwa na herufi 9, michanganyiko iwezekanayo ni mingapi?

2. Fupisha mfululizo huu kwa kanuni ya vistari: GG-A--A-AATT-T. Utapata herufi ngapi?

3. Kirusi kina herufi 5,500. Kikisomwa kwa Q20, tutazamie makosa mangapi? Na kwa Q30?

4. Kwa nini kusoma mara 300 badala ya mara 30 hakuwezi kuondoa kosa lililo katika CCAGG, ikiwa modeli haikufundishwa alama ile?

Majibu: (1) 262,144. (2) GAAATT, herufi 6. (3) Kama 55; kama 5 au 6. (4) Jibu hili kila mtu alieleze kwa maneno yake mwenyewe, kisha alinganishe na mwenzake.